Mikono ya Maji ya Vuguvugu

Manaus, 3 Januari 2021

Mama mpendwa,

Naomba baraka zako. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, na mimi nina furaha mpaka majirani wananicheka. Miezi miwili ya ndoa, na bado Edivan akiingia mlangoni moyo unaniruka! Umezaa muuguzi wa ajabu, Mama. Wagonjwa wa korona hawaruhusiwi kutembelewa, basi yeye anajaza glavu mbili maji ya vuguvugu, anazifunga, anauweka mkono wa mgonjwa katikati yake, ajione ameshikwa na mtu. Nani mwingine ana moyo huo? Nampenda, nampenda!

Mkamwana wako,
Jacira

Parintins, 11 Januari

Mwanangu Jacira,

Mungu akubariki. Miguu imevimba, ila sokoni bado inanifikisha. Umemaliza kumsifu huyo? Mimi ndiye niliyemzaa, najua anavyokoroma! Lakini Jumapili kwenye simu aliitikia tu "ndiyo, Mama". Nilimtania, hakucheka. Hebu mtazame vizuri.

Mama mkwe wako,
Zulmira

Manaus, 2 Februari

Mama,

Naomba baraka, na unisamehe kwa ukimya. Umesikia oksijeni ilivyoisha mjini. Edivan alikuwa kule hospitali wakati wote. Aliporudi nilimrukia kwa furaha. Akarudi nyuma, mikono mgongoni.

Juzi mchana nilisinzia kwenye kitanda cha bembea, nikaamka nimeshikwa mkono. Nilifurahi jamani, nikaubusu ule ulionishika. Ulikuwa na joto, ila laini mno, hauna mfupa ndani.

Yeye alikuwa jikoni, anajaza maji glavu nyingine.

"Nimekuwekea usiwe peke yako, Jaci."

Zimejaa mezani, zimetuna, vidole juu. Zikipoa anabadilisha maji, anazinong'oneza, "Nipo, nipo." Nilitaka kucheka, nikashindwa. Namtaka mume wangu, Mama.

Jacira wako

Parintins, 9 Februari

Mwanangu,

Mungu akubariki. Usizimwage. Usimcheke. Muulize ni mkono wa nani aliouachia. Kisha mlete kwangu, mara tu boti zitakaporuhusiwa tena kusafiri.

Mama

Manaus, 27 Februari

Mama,

Naomba baraka. Nilimuuliza. Aliepua wali, akaketi. Kisha akasema:

"Mzee Anacleto, mgonjwa wangu. Aliniambia, kijana, usiniachie mkono. Nikampa glavu, nikakimbilia mtungi wa oksijeni. Mitungi haikuwepo. Niliporudi alikuwa ameibana, anaiambia, asante kijana, hukuondoka."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisimama mlangoni, Jaci. Sikusogea. Akafa anaishukuru ile glavu."

Akalia, Mama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akilia. Nilimshika mabegani, hakunisukuma.

Hospitali imempa likizo ya ugonjwa. Kesho tunapanda boti. Usimpe mkono. Mkumbatie, hata akisimama kama gogo, usimwachie. Nguo nimefunga zote mimi. Yeye ameuliza swali moja tu: kama kwenye boti kutakuwa na maji ya moto.

Nimemwambia yapo.

Binti yako,
Jacira