Mfupa wa Mama Umekataa Skrubu

Alhamisi. Makambako imeamka na ukungu mzito, nyumba ya jirani sikuiona mpaka karibu saa nne. Jua limetoka mchana, likakaa kidogo, likaondoka. Baridi inaingia chini ya mlango.

Nianze na ule mlio.

Ulitokea Jumapili baada ya misa. Mama alikuwa ameketi kitandani, mimi namlegezea mkanda wa mgongo. Rozari ikamdondoka. Akainama kuiokota, kidogo tu, kabla sijamzuia. Kitu kikalia mgongoni mwake, mlio mkavu, kama mtu kavunja kijiti chumba cha pili.

"Umesikia, mama?"

"Kitanda hicho," akasema.

Kitanda chetu hakilii.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mama yangu anaitwa Gaudensia, mkulima wa viazi huko kijijini, karibu na misheni, mbele ya Njombe. Mwaka jana aliteleza na mzigo wa kuni akaanguka kwa kukaa. Pingili moja ya uti wa mgongo ikabonyea kama kopo lililokanyagwa. Alipasuliwa hospitali ya rufaa. Walimpigilia skrubu kwenye pingili za juu na za chini ya ile iliyovunjika, wakaziunganisha kwa vyuma viwili virefu. Tangu hapo anaishi nami hapa Mahongole, Makambako, na tangu hapo haachi kuuliza ni lini atarudi shambani kwake.

Jumatatu nikimwogesha niliona ngozi imeinuka pembeni mwa kovu, upande wa kushoto, huku chini. Padogo, kama punje ya hindi. Nilipagusa kwa kidole chenye sabuni. Pagumu.

Sikusema kitu. Nilimmwagia maji ya moto nikaanza habari za bei ya mbolea. Jumanne pia sikusema. Nilikuwa naogopa kwamba nikikitaja kitakuwa kweli.

Jana Jumatano daktari aliyempasua alikuwa na kliniki Njombe, na hapo nikaishiwa visingizio. Jirani yangu, Baba Neema, akatupeleka kwa gari lake. Kwenye kila tuta alipunguza mwendo mpaka injini ikataka kuzima, na kwenye kila tuta mama alifumba macho. Hakulalamika. Mama yangu asipolalamika ndipo mimi naogopa.

Daktari ni kijana mwenye sauti ya chini. "Kamwene, mama," akamsalimia, na mama akafurahi kusalimiwa Kibena na mtu aliyetoka mbali. Kisha akapachika picha ya eksirei kwenye taa.

Hata mimi niliona. Skrubu zote zimelala sawasawa, isipokuwa moja ya chini kushoto. Hiyo imeinama na kurudi nyuma, kichwa chake kinasukuma ngozi. Kuizunguka kuna ukingo mweusi.

"Huu weusi ni nafasi," daktari akasema. "Tundu limepanuka. Skrubu inashika pale mfupa unapokuwa mgumu. Mfupa wa mama umekuwa laini, umri umeula. Kila akiinama au akikohoa, chuma kinasukuma tundu. Leo kidogo, kesho kidogo."

"Kwa hiyo chuma hakina kosa," mama akasema.

"Hakina, mama."

"Kosa ni langu."

"Si lako. Ni mfupa tu."

"Mfupa wa nani?"

Daktari alicheka kidogo, halafu akaacha.

Anataka kumrudisha chumba cha upasuaji. Aitoe iliyolegea, aweke nene na ndefu zaidi, aizungushie saruji ya mifupa ili ishike, kisha aongeze nyingine kwenye pingili ya chini yake. Nikamuuliza, na hizo zisiposhika? Hakunidanganya. Zinaweza zisishike. Hata saruji inaweza kuvujia mahali pabaya. Lakini ile iliyolegea imekaa jirani na mishipa ya fahamu ya miguu.

"Akianza kuburuta mguu, au akishindwa kuzuia haja ndogo, usisubiri kliniki," akaniambia. "Nipigie siku hiyo hiyo."

Mama akakataa. Kwa adabu kabisa. "Asante mwanangu, umenihangaikia. Ila pale mezani silali tena. Mara ya kwanza nilizinduka nikadhani mmeshanizika."

Tuliporudi nilimpigia kaka yangu Method. Yuko Manda, ananunua dagaa wa ziwani na kuwauza Ludewa mjini. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu.

"Mwache mama apumzike," akasema. "Ukimpeleka tena akafia huko, mimi simo."

Akakata. Usiku kucha nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa namwonea wivu. Yeye hajaigusa ile ngozi.

Leo lilipotoka lile jua, mama alitaka kuliota. Nikatangulia kumwekea kiti uani. Alikuja polepole na mkongojo wake, akakaa, akashusha pumzi. Nikatazama alikotoka.

Ndala moja ilikuwa imebaki mlangoni.

"Mama, ndala yako."

"Ninayo mguuni," akasema, bila kutazama chini.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinavuja damu. Alikuwa amekiburuta kwenye sakafu ya saruji kutoka mlangoni hadi kitini, na hakusikia chochote. Nilipiga magoti nikakifinya. Nikafinya tena kwa nguvu. Alikuwa ananitazama usoni, si mguuni, anasoma jibu kwangu.

"Unanifinya?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akasema, "Mpigie huyo kijana." Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwake.

Daktari amesema tuanze safari ya hospitali ya rufaa sasa hivi, tusilale nyumbani. Amesema mama alale chali garini, asiketi. Nimemtumia Method ujumbe mmoja tu: tunaondoka, mguu umekufa ganzi. Amejibu kwamba anatafuta usafiri. Hajasema tena kwamba hayumo.

Baba Neema anakunja viti vya nyuma atandike godoro. Mama yuko kitandani, ameshavaa kitenge chake cha kwenda kanisani. Ananyoosha mikono yote miwili nimwinue.

Nimshike wapi?