Mti ni Mzima

Nyumba ya Malezi, Bukoba
14 Januari 2023

Mdogo wangu Revocatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini kifua kimepona na Igombe mvua inanyesha. Mimi sijambo. Simu tumezikabidhi kwa mlezi mpaka unovisi, mafunzo ya utawa, uishe, yaani miaka miwili, kwa hiyo zoea kuandika. Mlezi huzisoma barua kwanza, basi umbea wa mchumba wako Precious ubaki hukohuko.

Nimekuachia kitu kimoja tu, lile sinia la saruji dirishani kwangu. Unakumbuka mama alipotugawia, wewe nyumba, mimi mteremko wa mawe mpaka ziwani, watu walicheka kwamba nimerithi kokoto. Ndiyo maana niliutengeneza mteremko ule ndani ya sinia: mawe yake yaleyale, majani mafupi ya kijani ya kandokando ya maji, na ule mkuyu nilioung'oa kwenye ufa wa jiwe ukiwa mdogo kama kidole. Nimeutunza miaka tisa na bado haufiki kwenye goti.

Umwagilie asubuhi. Majani yakizidi, yapunguze kwa mkasi. Shina nimelizungushia waya mwekundu wa mota ili lipinde. Uutoe kabla ya Pasaka, la sivyo gome litaumeza. Na sinia lisikae chini. Mizizi itapita kwenye matundu, na mkuyu ukishaonja ardhi hausikii tena la mtu.

Dada yako,
Teodora

Igombe
2 Aprili 2023

Dada Teo,

Shikamoo. Sisi huku wazima, kifua kimetulia, dagaa wamepanda bei kwa sababu ya mbalamwezi. Mti nao ni mzima.

Waya nimeutoa kama ulivyosema. Precious aliuona mti wako akasema umefungwa kama kuku anayepelekwa mnadani, akauliza umekosa nini. Nikamwambia huo ni utawa wa miti. Alicheka mpaka akakaa chini. Mlezi wako asinichukie.

Nina swali. Hivi mti ukiteleza ukagusa ardhi, kwa mfano, utakua haraka kiasi gani? Nauliza ili nijihadhari.

Ndugu yako,
Revo

Bukoba
21 Mei 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Mlezi alifika kwenye utawa wa miti akaniita. Nilidhani nimekosa, kumbe alitaka kujua Precious ni nani.

Kuhusu swali lako: mti ukishika ardhi, hasa mvua zikianza, kwa misimu miwili utakupita kichwa. Mkuyu uliobanwa hukua kama mtu mwenye deni. Usiujaribu.

Niambie yale majani ya kwenye mawe yanaendeleaje. Hukuyataja.

Dada yako,
Teodora

Igombe
19 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Barua zako tatu nimezipata. Tulifunga ndoa na Precious Oktoba, padri alikutaja kanisani, watu wakakuombea. Chumba chako tumekipaka rangi. Mti ni mzima.

Ndugu yako,
Revo

Bukoba
11 Februari 2024

Revocatus,

Hongereni. Mwambie wifi simjui uso lakini nimemwombea.

Nina jambo, nakuambia wewe wa kwanza. Nimezungumza na mlezi mara nyingi na tumeelewana: wito huu si wangu. Nitamaliza unovisi, lakini nadhiri sitaweka. Hakuna ugomvi wala kosa. Desemba nitarudi Igombe nijenge chumba kimoja kwenye mawe yangu. Chumba nilichokulia ni cha nyumba yako, sikidai.

Nieleze sinia lilivyo sasa. Kila barua umeandika maneno matatu. Nataka kujua lile jiwe la kushoto bado limesimama, na shina limepinda kuelekea wapi.

Dada yako,
Teodora

Igombe
17 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako imetusumbua. Usiharakishe kuacha wito. Huku watu wanakuhesabu kama mtu aliyekwishatolewa kwa Mungu, na kilichotolewa hakirudishwi kutoka madhabahuni kikaliwe nyumbani. Precious naye anasema utapata shida, maisha ya mtaani yamebadilika. Kaa, uombe, usubiri.

Mti ni mzima. Umependeza kuliko ulivyouacha.

Ndugu yako,
Revo

Buzuruga, kwa Shangazi Paskazia
16 Desemba 2024

Revocatus,

Siulizi hali yako kwa sababu nimekuona juzi, ukiingia ndani nilipofika getini. Simu hupokei. Naandika, ndiyo njia tuliyoizoea.

Nimeliona sinia. Bata wanakunywa maji humo. Mawe mmeyatumia kuegemezea ndoo. Mkuyu uko katikati ya mteremko wangu, umepita paa la choo.

Mzee Masele, jirani yetu, alinikuta nimesimama hapo akanieleza. Wapimaji wa viwanja walipokuja Januari, mwenyekiti mpya wa mtaa aliuliza mteremko ni wa nani. Ukasema ni wako, sista hamiliki kitu. Mzee alikukumbusha maneno ya mama. Ukawaonyesha mti.

"Nani aliupanda?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," ukasema. "Aliyepanda si ndiye mwenye ardhi?"

Wakaandika jina lako. Januari, Revocatus. Nilikuwa sijakuandikia kwamba narudi. Swali lako la Aprili nililijibu kama mwalimu, na wewe ukalifuata jibu kama mwanafunzi mzuri.

Lakini waya hukuutoa. Nimepapasa shina pale lilipopinda. Gome limeumeza, ncha imebaki nje, nyekundu. Waya wa mota hauoti kwenye mkuyu wa Igombe. Nimemwambia mwenyekiti, naye ameitisha baraza Jumamosi.

Dada yako,
Teodora

Igombe
18 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Sikukudanganya hata mara moja. Soma barua zangu zote. Niliandika mti ni mzima. Ulikuwa kitoto cha sinia, sasa ni mti mzima, kila mtu anaona. Wewe ndiye uliyeufunga miaka tisa.

Precious ni mjamzito. Watoto wangu watakaa wapi? Wewe huna mtoto. Nakuomba Jumamosi usije. Tuyamalize wawili.

Ndugu yako,
Revo

Igombe
30 Machi 2025

Revocatus,

Naandika kwa sababu tangu ile Jumamosi unapita njia ya nyuma.

Nilifikiri baraza litapasua gome. Tulipofika hapakuwa na gome. Mti ulikuwa umelala, matawi yamebebwa, shina limetiwa moto pale lilipopinda. Precious alikuwa amesimama mlangoni, hakumwangalia mtu. Sina neno naye.

Ulisema ulikuwa unapunguza kivuli. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Masele akakuuliza swali moja:

"Kijana, nani hukata alama ya kiwanja chake mwenyewe?"

Waya haukuhitajika tena. Mwenyekiti alifuta jina lako palepale, na wiki iliyopita hati imetoka kwa jina langu. Kuta za chumba changu zimefika kwenye lenta.

Watu wananiuliza kama nimefurahi. Mawe ningeweza kuyapoteza nikabaki na mdogo wangu. Hukunipa nafasi ya kuchagua.

Mvua zimeanza. Kisiki kimechipua upande wa ziwani. Nimetoa chipukizi moja lenye mzizi, nikaliosha sinia la bata, nikalipanda humo. Liko juu ya jiwe, mbali na ardhi, na safari hii namwagilia mwenyewe. Wapwa zangu wakizaliwa waje waone. Njia ya mbele iko wazi kwao.

Ulizoea kunijulisha, sasa nakujulisha mimi. Mti ni mzima.

Teodora