Viraka Chini ya Magogo

4 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini kikohozi kimekuacha na magoti yanakupa nafasi. Mimi mzima, nakula, nalala.

Fundi mkuu amenikabidhi chombo kizima peke yangu. Ni kile kinachovusha watu ng'ambo, abiria sitini kwa safari moja. Nimekipaka tumboni rangi yenye unga wa shaba, ile nzito inayokaa miaka kumi. Kome hawashiki, mwani hauoti. Wewe ulikwangua matumbo ya vyombo miaka arobaini mpaka vidole vikapinda. Sasa kazi hiyo nimeizika. Siku nne tu, Jumamosi tukakishusha majini. Nahodha alinipa mkono mbele ya watu.

Mjukuu wako,
fundi rangi

15 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Kikohozi kimekwenda, magoti bado yana kesi na mimi. Wewe unakula nini huko, au ni chai na mkate kutwa? Mwandiko wangu uuvumilie. Shule sikukanyaga, herufi nilijifunzia kwenye ubavu wa vyombo nikiandika majina yao, ndiyo maana kila neno langu linajaza ukurasa.

Habari yako nimewapa majirani wote, na asiyetaka kusikia nimemwambia mara mbili. Sasa nijibu. Chombo hicho ni cha mbao, cha chuma, au cha alumini? Shaba ikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, inaila kama mchwa anavyokula mlango, na haipigi kelele. Lazima katikati kuwe na praima, rangi ya kwanza ya kuzitenganisha, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likauke kwelikweli. Siku nne zimenikaa kooni.

Bibi yako

2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nafurahi kifua kimepona. Mimi sijambo, na nakula wali, usihofu.

Ndiyo, ni cha alumini. Praima nimepiga matabaka matano, nikakausha kwa mashine za joto. Mambo yamebadilika Bibi, siyo kama enzi zenu za kupuliza kwa mdomo. Lala usingizi.

Mjukuu wako

11 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Mimi nipo, na ulimi wangu ni mzima kuliko miguu.

Hizo mashine nimezisikia. Lakini chombo kikiwa nchi kavu hakielei hewani, kinakalia magogo. Pale kinapokalia, brashi haifiki. Panapakwa mwisho, chombo kikining'inia kwenye mikanda ya winchi na kila mtu anapayuka shusha, shusha. Hapo ndipo mafundi hudanganya. Hata mimi nimedanganya hapo, zaidi ya mara moja. Vyangu vilikuwa vya mbao, Mungu akanisitiri.

Chini ya magogo ulipaka nini?

Bibi yako

20 Mei

Wewe,

Naanza kwa kukuuliza hali, maana adabu ninayo hata nikiwa na hasira. Hujambo?

Barua yangu ya mwezi uliopita haina jibu. Posta haijafungwa, nimekwenda kuitazama. Usiniambie una kazi nyingi, mimi nimelea watoto saba na brashi mkononi.

Kunyamaza kwako nimekusoma bila miwani. Nimekaa hapa kitandani nahesabu abiria sitini kwa safari moja, na sijui kwa siku zinakwenda safari ngapi. Kama moyo wako umetulia, panda. Panda chombo hicho kama abiria, ukae pale unapojua wewe, uende mpaka ng'ambo. Kisha uniandikie ulikaaje. Nakupenda kuliko pumzi yangu, na ndiyo maana sikuachi.

Bibi yako

9 Juni

Shikamoo Bibi,

Sijui nikuulize vipi hali, najua nimekuharibia. Mimi mwili mzima.

Pale kwenye magogo ni viraka vinne, kila kimoja mapana ya sinia. Mkebe wa praima ulikuwa umekwisha, na kungoja mwingine ni siku tatu. Fundi mkuu alikuwa upande wa pili anaongea na nahodha. Alumini ilikuwa inang'aa, nimeisugua mwenyewe. Nikapiga shaba juu yake hivyo hivyo, tupu. Kuanzia Machi kila nikiona chombo kinarudi nilikuwa nasema, umeona, kimerudi.

Jana nilipanda. Nilikaa nyuma, juu ya kiraka cha pili. Kando yangu mama mmoja analisha mtoto. Pampu ya kutoa maji ikawaka, ikazima, hatujafika kati ikawaka tena. Baharia akaicheka pampu, "Huyu siku hizi anapenda kazi." Nilipanda juu kwa nahodha nikamwambia yote. Hakunitukana. Aliuliza, "Viko wapi?" Akawasogeza abiria mbele, akageuza, akakiendesha taratibu mpaka mchangani. Watu walishuka wakilalamika viatu vimelowa. Maji yalipokupwa nikaingia chini. Kwenye kiraka cha pili kidole changu cha mwisho kilipenya chote.

Fundi mkuu amenifukuza. Winchi itapatikana Jumatatu ya tarehe 24, na nahodha anataka niwepo nimwonyeshe vyote vinne, mafundi wote wa gati wakitazama. Hao ndio walionipigia makofi siku tulipokishusha. Sitaweza Bibi. Nimekata tiketi ya Jumapili ya tarehe 23, naja nyumbani.

Mjukuu wako

16 Juni

Mume wangu,

Hujambo, baba? Mimi sijambo, leo nasema kweli.

Barua yako niliianza nimesimama nikaimaliza nimekaa chini. Watu wamelalamikia viatu. Tangu Machi nimekuwa nikiomba walalamikie jambo dogo kama hilo. Yule mama na mtoto wake wamelala kwao, na wewe ndiye uliyepanda ngazi ukasema. Ningekuwa karibu ningekupiga, kisha nikakukumbatia mpaka ushindwe kupumua.

Tiketi irudishe. Ukija Jumapili utakuta kufuli, kwa sababu mimi sitakuwepo. Natoka Ijumaa kwa basi, magoti yapende yasipende. Jumatatu tutaingia chini ya chombo hicho pamoja. Wewe utaonyesha, mimi nitakwangua mpaka alumini ianze kupumua. Mafundi wakitaka kucheka, watawacheka watu wawili, na mmoja wao ni mzee asiye na haya.

Nipokee stendi. Uje na barakoa mbili, vumbi la shaba linachoma kifua.

Bibi yako