Inchi Mbili Kiunoni

Dada Tumaini, kamwene.

Najua hutaitika. Nimeanza na salamu ya nyumbani kwa sababu ungekuwa hai usingekubali niongee lolote kabla sijakuamkia. Hata kwenye simu ulikuwa unanyamaza kimya, unanisubiri. "Umezaliwa nyuma yangu, au siyo?" Haya basi, nimekuamkia.

Nipo kibandani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mvua imewafukuza wateja na mbele yangu kuna rundo la jinzi za watu. Siku hizi wanataka bwanga, Dada. Wasichana walewale waliokuwa wananiomba niwabanie modo mpaka wakae kwa shida, leo wanataka suruali ya kuingia mtu na mdogo wake. Kuna mmoja jana kaniletea modo yake eti niipanue iwe bwanga. Nikamuuliza, mama, kitambaa nikitoe wapi, kwenye pazia? Akanuna. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu, halafu ungemtetea, maana wewe ulikuwa unamwelewa kila mtu anayehangaika na suruali.

Wewe na jinzi mlikuwa na kesi ya muda mrefu. Mungu alikupa kiuno chembamba na hipsi za kwao Mama, na waliokuwa wanashona jinzi huko ng'ambo hawakuwa na habari zako. Iliyokutosha chini iliachia mgongoni, iliyokushika kiunoni haikupita mapajani. Zilipoingia zile za kukaa nyongani, wewe ukiwa chuo cha ualimu, ndipo ulipoteseka kweli. Nakumbuka mkutano wa vijana wa usharika, jua la saa saba linachoma, na wewe umejifunga sweta kiunoni ili watu wasione pengo la nyuma. Hukuthubutu kuinama hata kuokota kitabu cha nyimbo. Wenzako wakadhani ni mtindo mpya kutoka chuoni. Jumapili iliyofuata nusu ya kwaya walikuja wamejifunga masweta, na wewe ukakaa kimya ukawaacha waige. Ulikuwa fundi wa kuficha tangu zamani, tatizo ni kwamba sisi tuliona raha tu.

Sokoni nako ulikuwa na vituko vyako. Muuza mitumba akikwambia, "Zungusha kiuno chake shingoni, dada, ncha zikikutana imekutosha," ulizungusha kwa adabu, zikakutana, halafu ukamrudishia. "Shingo imekubali," ulimwambia yule wa Iringa mjini, "lakini shingo haijui habari za huku nyuma." Meza nzima ikaangua kicheko, na yeye akakuchagulia nyingine tano. Hakuna iliyokufaa.

Ndiyo maana jinzi ya kwanza niliyowahi kurekebisha katika maisha yangu ilikuwa ya kwako. Nilikuwa nimejifunza cherehani miezi minne tu. Nikafumua mshono wa nyuma kwa wembe, nikatoa mkanda, nikapunguza inchi mbili kiunoni, nikarudishia. Ukaivaa ukaenda kwenye kioo cha kabati la Mama. Ukageuka, ukajitazama nyuma, ukageuka tena. Nilijua utasema imepinda, maana ilikuwa imepinda kweli. Wewe ukasema kwa sauti ndogo, "Kumbe nina umbo." Ulikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu mzima, na ndiyo siku ya kwanza uliyojitazama bila kujitafutia kosa. Halafu ukanikumbatia ukasema hakuna mwingine atakayegusa jinzi zako mpaka ufe. Ulisema kama watu wanavyosema, nami nikapokea kama watu wanavyopokea.

Wewe ukapangiwa Idodi, mimi nikaolewa Mbeya. Ulipokuja likizo nilikuvalisha jinzi nje ndani, nikaibana kwa pini mwilini mwako, wewe ukipiga kelele kwamba nakuchoma makusudi. Usipokuja, tulitumia njia ya Mama, ile ya kamba. Unakumbuka alivyokuwa akienda mjini kutununulia nguo za Krismasi? Alimzungushia kila mtoto kamba kiunoni, akaikata, akapiga fundo la kumtambua mwenyewe: wewe fundo moja, mimi mawili. Wewe hukuwahi kununua futi. Ulijipima kwa kamba, ukaitia mfukoni mwa jinzi na kikaratasi, ukampa kondakta wa basi la Mbeya, mimi nikapokea kifurushi stendi. Kikaratasi kilikuwa kilekile miaka yote: "Punguza inchi mbili kiunoni." Hata mume wangu alikuwa anajua. Akiona kifurushi anauliza, "Inchi mbili zimefika?"

Kwa hiyo mwaka jana baada ya mavuno, ulipotuma ile jinzi ya bluu iliyopauka, sikushangaa. Nikapima kwa kamba, nikapunguza, nikarudisha. Sikuilinganisha kamba hiyo na ya zamani. Nani analinganisha kamba?

Baada ya miezi miwili ukatuma nyingine mbili. "Kiunoni na mapajani." Hapo nilishtuka kidogo, nitasema kweli, maana mapaja yako hayakuwahi kupunguzwa na binadamu. Nikakupigia.

"We Dada, unakula nini huko? Umepata bwana mpya?"

Ukacheka. "Bwana gani. Natembea sana, shule iko mbali."

"Basi na mimi nihamie Idodi, nina kitambi hapa."

"Hama tu, mdogo wangu," ukasema. "Hama ukae na mimi hata wiki mbili."

Nilikujibu kwamba sherehe za wahitimu zinakaribia na nina nguo nyingi. Ukasema haya, kazi ndiyo kazi. Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo inayoniua. Nimeirudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali ilipovunjika, sioni.

Mara ya tatu, mvua zikianza, ikarudi ile ya bluu. Nilifumua mishono yangu mwenyewe, Dada. Uzi wangu, rangi yangu, bado mpya. Sasa wewe hukujua mambo ya ndani ya kazi hii, nikueleze. Fundi mwenye akili anapopunguza nguo hakati kinachozidi. Anakikunja, anakiacha ndani kama akiba, ili mwenye nguo akinenepa ifumuliwe. Kwako siku zote niliacha akiba. Mara hii zilizidi sana, inchi nne na zaidi, kitambaa kikawa kinajikunja kama mto na jinzi inakaa vibaya. Nikakupigia tena.

"Hii akiba inaharibu umbo. Nikate kabisa? Au unategemea kurudi kwenye unene?"

Uliniomba nirudie swali. Nilidhani mtandao.

"Kata tu, mdogo wangu."

Nikachukua mkasi nikakata.

Ulipoipata ukanitumia picha. Umesimama nje ya darasa umetupa mgongo, kama tulivyozoea, kwa sababu jinzi hukaguliwa nyuma. Ilikukaa, Mungu wangu, jinsi ilivyokukaa. Hakuna pengo, hakuna mkunjo, mshono umenyooka kutoka kiunoni mpaka kisigino. Miaka kumi na mitano tulikuwa tunaitafuta jinzi ile. Nilituma picha kwa kila mtu ninayemjua. Wateja wakija nawaonyesha: "Mwoneni dada yangu. Huyu ni mwalimu, ana watoto wawili, mwoneni." Wengine walisema wanataka iwakae kama ya huyo. Nilipata wateja kwa picha ile. Mgongo wako ulikuwa tangazo la biashara yangu na mimi sikukuuliza uso uko wapi.

Mwalimu mkuu wako alipopiga simu kwamba umeanguka darasani na umepelekwa Iringa, nilifunga kibanda nikapanda basi nikijua ni malaria. Makambako nilinunua na matunda. Wodini nilikupita kitanda, Dada. Nilikupita nikaenda mpaka mwisho wa chumba, nikageuka kuwauliza wauguzi. Wewe ukaniita. Ulipoona nimesimama mdomo wazi ukasema, "Njoo unipime vizuri," na ukataka kucheka, ikakushinda.

Daktari alisema ni kansa ya kizazi, na kwamba ulikuwa unajua tangu mwaka jana. Ulikaa siku tisa. Siku zote tisa nilikuogesha na sikukuuliza kwa nini hukuniambia. Niliogopa ungenijibu.

Nyumba yetu haikutufundisha kusema tunaumwa, hilo nalijua. Baba alikufa na vidonda vya tumbo akimwambia kila anayeuliza kwamba yeye ni mzima, ni uchovu wa shamba. Ukimwamkia Mhehe wa kwetu Kalenga aliyevunjika mguu atakujibu salama kwanza, mguu utauona mwenyewe. Nilidhani wewe uliyesoma, unayefundisha watoto sayansi, ungekuwa tofauti. Nimekukasirikia kwa hilo. Bado nimekukasirikia, naandika huku nimekasirika, na nikimaliza hasira nalia.

Halafu msibani akanijia mzee mmoja kutoka Idodi, mpole, ameshika kofia. Akanipa pole. "Mimi ni fundi cherehani," akaniambia, "nyumba yangu na ya Mwalimu zimepakana. Nilimwomba sana aniletee zile jinzi nimpunguzie, nilikuwa naona zinamvuka. Akanijibu kwamba fundi wake yuko Mbeya, yeye ndiye anapaswa kuziona."

Anapaswa kuziona. Nilimshukuru yule mzee nikaenda nyuma ya nyumba nikavihesabu vifurushi kwa vidole.

Wakati wa kugawa nguo zako, shangazi walichukua vitenge, binti yako akachukua sweta na viatu. Jinzi zikabaki kwenye mkeka. Shangazi wakasema suruali hazirithiwi. Nikazichukua, hakuna aliyebisha. Ile ya bluu haimwingii mtu mzima yeyote, hata binti yako wa darasa la saba aliivaa ikamshika.

Na Mama, Dada. Mama ndiye aliyenimaliza. Kila aliyekuja kuhani, Mama alimwambia huku ameniegemea, "Huyu angejua, angeruka hata usiku. Wanapendana hawa. Ila hakujua, maskini, yuko mbali." Watu wananitazama kwa huruma na mimi nimeinamisha kichwa. Miezi mitatu nimekula huruma ya watu isiyo yangu. Nilijua inchi zako zote. Hakuna mtu duniani, hata daktari wako, aliyejua ulivyokuwa unapungua kama mimi, kiuno, paja, mwezi kwa mwezi. Nilikuwa nazo mkononi, na nikakuuliza habari za bwana mpya.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kalenga, nikamkuta Mama anapukuchua mahindi. Nikakaa naye nikamwambia yote. Vifurushi, kamba, simu, mkasi. Nilimwambia kwamba nilikata akiba. Nilitegemea anipige, na kusema kweli nilitaka anipige.

Hakuacha kupukuchua. Akachukua hindi jingine, akasema, "Krismasi alikuja hapa na hiyo ya bluu."

Nikasema najua.

"Alisimama pale mlangoni, akageuka ili niione. Nikamwambia, leo ndiyo suruali imekukaa, mwanangu. Sijawahi kumsifia suruali maisha yangu yote." Akakusanya punje zilizomwagika, moja moja. "Akaniuliza, Mama, unaiona? Nikamwambia naiona, imekukaa."

Tulipukuchua mahindi mpaka magunzi yakajaa kikapu, tukaletewa chai ikapoa.

Nimerudi Mbeya na sijui nifanye nini na kazi hii. Nikipima mtu sasa namtazama usoni kwanza. Mteja akija kupunguza nguo namuuliza umepungua kwa nini, unakula, unalala, umekwenda hospitali? Wengine wamekasirika, mmoja amechukua suruali yake akaenda kwa fundi wa jirani akisema amekuja kwa fundi siyo kwa mganga. Aende. Nitauliza mpaka wanikimbie wote.

Sikuombi msamaha, kwa sababu najua ungeniambia hakuna kosa, kama unavyomwambia kila mtu. Na wewe ungeweza kusema kwa mdomo, Tumaini. Neno moja tu, ningekuja hata kwenye lori la vitunguu. Ila sidai tena kwamba hukuniambia. Uliniambia mara tatu kwa mkono wako mwenyewe, ukalipeleka neno mpaka stendi, ukamkabidhi kondakta, ukasubiri jibu langu. Na kila mara nilikujibu kwamba umependeza.

Lala, Dada.

Mimi mdogo wako, uliyeniita fundi.