Shimo Linapopika

Mpendwa yaya, ndugu yangu mkubwa,

Asubuhi ya leo shimo linapika. Nimekuja kwa miguu kutoka kwetu Panda, baridi ya Juni inauma vidole, na mvuke unapanda kutoka kwenye jiwe la chokaa kama siku ile uliponileta hapa mara ya kwanza. Nilidhani kuna mama huko chini anasonga bukari. Ulinicheka mpaka ukakaa chini.

Kisha ukanifunga kamba tukashuka. Juu tulikuwa tunatetemeka, chini tukavua makoti. Kuta zilitoka jasho, majani mabichi yalijaa kila ufa, wakati kwetu nyasi zote zilikuwa zimekauka. Uliniambia mwezi wa kumi mambo hugeuka: juu jua linachoma, chini kuna baridi, na hewa nzito inayoua hulala palepale bila kutoka. Ukaniwekea sheria moja.

"Kama haiko inapika, hatushuke."

Nilikuwa naijua, yaya. Ndiyo maana inaniuma.

Ule mwezi wa kumi mama alishikwa na homa, bomba lilikuwa kavu siku ya tatu, naye akatamani maji ya baridi kama yale ya chini ya shimo. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, asubuhi ikapoa kidogo, ukasema labda leo linapumua. Ulibaki kwenye baiskeli ukifungua bidoni la maji, ukanituma nitangulie kutazama.

"Weye njo macho yangu," ulisema, nami nikaenda kuwa macho yako.

Niliona weupe ukipanda nyuma ya mawe. Sikusogea karibu, nilikuwa na haraka ya kurudi kwa mama. Nikakuita: "Iko inapika!" Ukashuka ukipiga mluzi. Mluzi ulipokatika nilidhani unakunywa maji.

Nilikuita mpaka sauti ikakauka, kisha nikakimbia kutafuta watu. Walipoteremsha mshumaa kwa kamba, ulizimika kabla ya kufika nusu. Wakati wanahangaika kukutoa, nilizunguka yale mawe. Kulikuwa na tanuru la makala, mkaa wa miti, limefunikwa udongo, linafuka polepole. Moshi wa makala, yaya. Sikumwambia mtu.

Mama alipona. Kila akitaja jina lako anasema ulikuwa kichwa ngumu, kwamba alikukataza shimo wakati wa jua na hukusikia. Majirani wanaitikia. Nami huwa naokota sahani nakwenda kuosha. Nimekuacha ubebe kosa langu miaka yote hii, na wafu hawana mdomo wa kujitetea.

Nimenyoosha mikono juu ya mvuke. Nao una joto. Safari hii nimekaribia kabisa, nimenusa, nimehakikisha.

Jumapili tukitoka misa nitamkalisha mama, nimwambie hukuwa kichwa ngumu. Uliuliza kwanza, kama ulivyouliza siku zote. Halafu ukaniamini.

Pumzika, yaya. Mzigo huu nipe mimi.

Mdogo wako,
macho yako