Sortie tatu na Kapinga

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa saba

Chakula ya malewa, ya kuuza barabarani, tena. Juma ya sita sasa. Kapinga ananunua bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa mama wa pa kona, anaweka mu sahani, anasema: kula. Eye bibi yangu, mupishi wa kweli, hashiki tena sufuria, na usiku analala mbali na miye. Tangu nilirudi kutoka Sakania, kazi ya forodha, miezi tano kule. Nikimuuliza anajibu paka neno moja tu: amechoka. Juzi akaongeza: mwezi ikiisha vile, anarudi kwa baba yake.

Naogopa. Basi.

Mu telefone niliona mashauri kwa bwana na bibi: sortie, kutembea mu muji yenu wenyewe, kila moja na tème yake, muchezo wake. Nikachagua tatu. Ya leo: kurudi wanafunzi. Tulienda ku Kasapa, ku université, fasi tulijuana. Nilivala chemise ya wakati ule, tumbo ikakatala kufunga boutons. Alicheka! Tulikula mishikaki barabarani, baridi, vumbi. Alikula na njala. Nikasema mu roho: dawa njo hii. Mupishi amechoka, tumutoe inje.

Siku ya posho, tarehe 11

Tème ya pili: kupika pamoja. Nilileta samaki kavu ya Pweto, nyanya, mishumaa mbili ya mapendo. Courant ikakatika, mishumaa ikapata kazi.

Nilimupa chumvi atie. Akaficha mikono nyuma. Nilizani anacheza. Nikamushika mukono, nikaweka chumvi ndani, nikausukuma juu ya sufuria. Akapiga kelele, chumvi ikamwangika chini. Alilia mu chumba mpaka makala ya jiko ikazima.

Nilikula peke yangu. Nilikasirika sana. Mapendo gani hii.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Kiisha misa, kwa mama. Nilienda kulalamika tu. Mama aliacha kuchambua maharagi.

"Hakupikii tangu lini?"

Tangu mwezi wa tano.

Kiisha akaniambia: kwetu Kasai, bibi mwenye kupokea mwanaume mwingine hapikie tena bwana yake wala kulala naye mpaka aseme mbele ya jamaa na mbuzi ichinjwe. Akipika kabla ya ile, bwana anakufa. "Weye ulizaliwa hapa, mwana wangu. Haujue kintu."

Miaka makumi tatu na nane, Mukasai wa jina tu. Nilirudi kwa miguu. Kapinga alikuwa anapiga pasi chemise zangu. Sikumuuliza.

Siku ya tatu, tarehe 15

Namuangalia. Anafua, anafagia, anachota maji. Paka chakula na kitanda tu njo hapana. Namuchukia. Saa moja ikipita, simuchukii. Nataka ikuwe uongo.

Siku ya posho, tarehe 18

Tème ya tatu: kujifanya hatujuane. Nilitaka kuacha. Eye alivala, akatangulia mwenyewe, vile tème inasema.

Terrasse moja ya kunywea, viti inje, mu ville, jua ingali juu. Nilimukuta ameikala. Nikauliza kama kiti iko wazi. Nikajiita Albert, mufanya biashara ya simenti. Alicheka kidogo. Nikamuuliza: mama, uko na bwana?

Akasema iko naye. Alienda Sakania. Simu moja kwa juma, na sauti ya muntu anayeongea na ofisi. Mu mwezi wa tatu mwanaume mwingine aliingia mu nyumba. Mara mbili. Hakusema jina yake, na Albert hakuuliza.

"Bwana yangu ni muntu muzuri," akasema. "Sitaki nimuue. Njo maana sipiki."

Alimuambia Albert. Miye, hangeniambia kamwe. Tulirudi ku nyumba bila kushikana mikono.

Siku ya mbili, tarehe 21

Alisema yote mbele ya jamaa, amepiga magoti. Baba yake alileta mbuzi. Kwetu baba alikufa, kwa hiyo yaya yangu Kabeya, kaka yangu wa kwanza, njo mukubwa wa jamaa. Akakatala mbuzi. Nikasema nakubali, nilisema mara mbili. Yaya akajibu: "Haiko neno yako peke yako. Ni ya damu yetu." Mama aliangalia chini.

Mbuzi ilirudi na gari ile ile. Bila mbuzi Kapinga hapiki, halali na miye. Kwa hiyo anaenda.

Ningesimama nitoke naye. Sikusimama. Haya yangu, niiandike.

Siku ya posho, tarehe 25

Kaka yake anakuya kesho kumuchukua.

Leo hakuna tème. Nilipika bukari na samaki, miye mwenyewe. Desturi inakataza bibi, hainikatazi miye. Bukari ilikuwa na vidonge vya unga. Kapinga alinawa mikono, akaikala, akakula polepole mpaka akamaliza. Akasema iko muzuri. Uongo.

Nguo zake ziko mu sanduku mbili pa mulango. Aliniuliza kama asubuhi nitapika tena, mbele gari ifike.

Nilisema ndiyo.