Neno la Saba

Dada yangu wa mbali,

Yale maneno magumu ya Kiingereza uliyonitumia mwezi uliopita kwa ajili ya mtihani wangu niliyanakili kwenye daftari la vipimo, nyuma ya viuno na mabega ya wateja. Cherehani ni ile ile, bado inakata uzi. Mama ndiye mwalimu wangu: kila jioni anashika daftari, anataja namba, nami natamka neno na maana yake. Kiingereza hajui, lakini nikisitasita ananikodolea macho kana kwamba nimeunguza suti ya bwana harusi.

Juzi nilimpeleka hospitali. Daktari alimweleza mwenzake majibu kwa Kiingereza, akidhani hatuambulii kitu. Neno moja nililitambua. Lilikuwa la saba: ugonjwa usio na tiba.

"Kasemaje?" Mama akaniuliza.

Nikamwambia kasema apumzike.

Jioni akafungua daftari, akaanza na saba. Nikasema nimelisahau. Akalifunga taratibu.

"Mimi nimelisikia kwako mwezi mzima," akasema. "Mwandikie dada yako aje."

Mtihani nimeuacha. Njoo.

Mdogo wako,
wa cherehani